MANENO YA KOONI: KUMEZA, KUPALIWA NA KUJIZUIA

Mwaka huu nimeamua kuwaletea somo kuhusu mahali padogo sana mwilini, mahali ambapo hata ngumi ya mtoto mchanga haipiti, lakini pana maneno chungu nzima. Mahali penyewe ni kooni.

Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni insha zetu. Katika insha zetu kila mtu "alikula" na kila mtu "alimeza". Bwana arusi alikula, mgonjwa alikula, mwizi aliyeshinda njaa siku tatu naye pia alikula tu, kana kwamba wote walikuwa meza moja na hali moja. Mtahini akisoma Karatasi ya Kwanza ya namna hiyo, atatupa alama kwa sababu gani?

Sababu ya pili ni lugha yetu ya hapa shuleni. Wakati wa chamcha, githeri ikimwendea mtu vibaya utasikia kelele, "Amechoki! Amechoki!" Neno hilo ni la Kiingereza, "choke", lililovishwa kiambishi cha Kiswahili. Ubaya wake si kwamba limetoka ugenini. Hata hiyo meza tunayolia chakula jina lake ni la Kireno, na hakuna anayelifukuza. Ubaya wake ni kwamba neno hilo halisemi ya kutosha. Halituelezi kama mtu anakohoa tu au hawezi kupumua kabisa. Tena kwa aliye mbali, "amechoki" na "amechoka" hufanana kama chui na paka. Mmoja atakimbia kuleta msaada, mwingine atasema, "Kama amechoka si apumzike?"

Sisemi kwamba Kiingereza ni maskini. Waingereza wana maneno yao ya kumeza kwa pupa, ya kumeza kwa shida na ya kuzuia kilio, na wanayatumia vizuri. Lakini kila lugha hupanga kabati lake kwa njia yake. Kwao neno moja, "choke", hutosha kwa aliyekwamwa na mfupa na kwa aliyeshikwa shingo na jambazi. Kiswahili hakikubali kuwaweka hawa wawili pamoja. Kwa nini? Hilo ndilo somo langu. Nimegundua kwamba maneno yetu ya kooni yanajipanga yenyewe ukiyauliza swali moja tu: NANI ANALITAWALA KOO? Shikeni swali hilo, tutalirudia mpaka mwisho.

1. NJIA MBILI NA MLINZI MMOJA

Kabla ya maneno, tutazame mahali penyewe. Nyuma ya ulimi kuna njia moja ambayo chakula na hewa hupitia pamoja. Chini kidogo njia hiyo hugawanyika. Ya mbele ni njia ya hewa, inayoanzia kwenye koromeo, palipo na nyuzi za sauti, na kuelekea mapafuni. Ya nyuma ni umio, yaani njia ya chakula inayokwenda tumboni.

Unapomeza, koromeo hupanda juu. Hebu shika shingo yako sasa hivi umeze mate, utalisikia likipanda. Wakati huo huo kifuniko kidogo huinama na kuufunika mlango wa hewa. Vitabu vya fonetiki hukiita kifuniko hicho kidakatonge. Jina lenyewe linajieleza: ni kile kinachodaka tonge lisipotee njia. Wako pia wanaolitumia jina hilo kwa kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kwa hivyo usishangae ukiona kamusi mbili zikitofautiana.

Kwa muda huo mfupi wa kumeza, pumzi husimama. Huwezi kumeza na kuvuta pumzi kwa pamoja. Ndiyo maana wazee wetu hukataza kucheka na kupiga gumzo mdomo ukiwa umejaa. Sisi huona ni adabu tu, kumbe ni usalama. Ukicheka, unavuta hewa. Ukivuta hewa, mlango hufunguka. Na mlango ukifunguka, mbegu ya maharagwe nayo huingia.

2. FUNGU LA KWANZA: KOO NI LANGU (KUTENDA)

Katika fungu hili mwenye koo ndiye mtawala. Anaamua kuingiza kitu, na kitendo kiko katika kauli ya kutenda. Maneno haya hutofautiana kwa namna ya kuingiza na kwa kitu kinachoingizwa.

(a) Kumeza. Hili ndilo neno mama. Ni kupitisha kitu kooni hadi tumboni, kiwe kigumu au cha majimaji. Mgonjwa humeza tembe. Chatu humeza windo lake zima zima. Kwa mafumbo, kampuni kubwa humeza ndogo, na bahari humeza jahazi. Mwanafunzi naye "humeza kitabu", yaani huhifadhi maneno yote bila kuyaelewa. Kumezea mate kitu ni kukitamani.

(b) Kuakia. Ni kumeza bila kutafuna. Mfano: Mbwa aliuakia mnofu hata kabla sijarudisha mkono. Neno hili halitumiki sana siku hizi, nami naliombea uhai.

(c) Kubugia. Ni kutia kinywani kwa wingi na kwa mkupuo, hasa vitu vidogo vidogo au vya unga kama karanga, bisi na sukari. Picha yake ni kiganja kikirushia mdomoni. Kwenye magazeti utaona pia walevi "wakibugia" pombe, ikimaanisha kunywa bila kiasi.

(d) Kufakamia. Ni kula kwa haraka na kwa pupa, kama anayeogopa kunyang'anywa. Yule mwizi wetu wa siku tatu ndiye hasa wa kufakamia. Mwandikie hivyo na mtahini atamwona.

(e) Kugugumia. Ni kunywa kwa haraka huku koo likitoa sauti. Neno lenyewe hutoa sauti hiyo: gu-gu-gu. Lisemeni kwa nguvu mtasikia maji yakishuka. Jirani yake ni kigugumizi, hali ya maneno kukwamakwama kinywani mwa msemaji.

(f) Kupiga funda. Funda ni kiasi cha maji kinachojaza kinywa mara moja. Mtu huweza kupiga funda moja la chai na kuondoka. Msilichanganye na kitenzi kufunda, cha kungwi anayemfunda mwari.

(g) Kumumunya. Ni kula kitu taratibu kwa kukilainisha kinywani bila kukitafuna, kama peremende, au kama afanyavyo kikongwe asiye na meno.

Mnaona? Vitenzi saba na kila kimoja kina picha yake. Bwana arusi anakula. Mgonjwa anameza. Mwizi anafakamia. Mtoto wa dukani anabugia njugu. Mchezaji wa mpira wakati wa mapumziko anagugumia maji. Hakuna haja ya kuongeza "kwa haraka sana sana" nyuma ya kila kitenzi, kwa sababu kitenzi chenyewe kimebeba mzigo huo.

3. FUNGU LA PILI: KOO LIMESHIKWA (KUTENDWA)

Sasa tunavuka mto. Katika fungu hili mwenye koo si mtawala tena. Angalieni vitenzi: kupaliwa, kusakamwa, kukabwa, kunyongwa, kusongwa. Vyote viko katika kauli ya kutendwa. Sarufi yenyewe imekiri kwamba mtu huyu hatendi, anatendwa. Tofauti ni nani au nini kinachomtenda.

(a) Kupaliwa. Ni hali ya chakula, kinywaji au hata mate kuingia kidogo katika njia ya hewa. Tunasema "Chai imenipalia" au "Nimepaliwa na chai". Aliyepaliwa hukohoa, macho hutoa machozi, kisha mara nyingi hupata nafuu. Wahenga walinena, "Mkamia maji hayanywi," na wengine humalizia, "akiyanywa humpalia." Maana yake, anayekikamia kitu kwa pupa huenda asikifaidi.

Kupalia kuna maana nyingine pia: kuondoa magugu shambani. Kwa hivyo mtu anaweza kusema, "Mama alipalia mahindi mwezi wa nne, na mahindi yakampalia mama mwezi wa nane," na asiwe amekosea sarufi hata kidogo.

(b) Kusakamwa. Hapa kitu kimekwama kooni. Hakishuki wala hakitoki. Mfano: Mwiba wa samaki umemsakama kooni. Hili ni zito kuliko kupaliwa. Kwa mafumbo, kumsakama mtu ni kumwandama kwa maneno au kwa shida bila kumpa nafasi, kama vile wabunge wanapomsakama waziri kwa maswali.

(c) Kukabwa. Ni kushikwa koo kwa mikono. Mtendaji hapa ni mtu, si chakula. Jambazi akimzungushia mtu mkono shingoni kutoka nyuma, huyo amepigwa kabari. Vijana wa Nairobi husema amepigwa ngeta, na hata polisi hulielewa neno hilo. Kwa mafumbo, deni hukaba koo, na kiu hukaba vilevile.

(d) Kunyongwa. Ni kubanwa shingo mpaka pumzi ikatike, aghalabu kwa kamba au kitanzi. Wahenga wakacheza na neno hili waliposema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Hata mdharauliwa akifanya jema, asifiwe kwa hilo. Ajabu ni kwamba neno hilo hilo hutumika kwa baiskeli: kunyonga baiskeli ni kuikanyagia pedali.

(e) Kusongwa. Kusonga ni kubana kutoka kila upande. Tunasonga ugali kwa mwiko, na mtu husongwa na mawazo, na kazi au na umati. Kutoka hapa tunapata msongo wa mawazo na msongamano wa magari. Ukisema mtu alisongwa roho, umesema alibanwa hata pumzi ikamtoka.

Kwa nini nasisitiza tofauti ya kupaliwa na kusakamwa? Kwa sababu msaada wake si mmoja, na hapa neno sahihi linaweza kuokoa maisha.

ALIYEPALIWA bado anakohoa kwa sauti na anaweza kutamka neno. Mwache akohoe; mtie moyo akohoe kwa nguvu, usimkatize. Kikohozi chake ndicho dawa yake.

ALIYESAKAMWA njia ya hewa hawezi kusema, hawezi kukohoa kwa sauti, mara nyingi hushika shingo kwa mikono miwili, na midomo yake huanza kubadilika rangi. Huyu asiachwe hata kidogo. Mmoja aite msaada kwa kelele. Mwingine amwinamishe mbele na kumpiga mgongoni, katikati ya mabega, kwa kitako cha kiganja, mara 5. Kitu kisipotoka, asimame nyuma yake, amzungushie mikono, aweke ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, ashike ngumi hiyo kwa mkono wa pili, kisha avute kwa nguvu kuelekea ndani na juu, mara 5. Halafu arudie yote mawili kwa zamu mpaka kitu kitoke. Njia hii ya kubana tumbo ilielezwa mwaka 1974 na daktari wa Marekani aitwaye Henry Heimlich. Nguvu ya hewa iliyobaki mapafuni ndiyo inayosukuma kitu nje, kama kizibo cha chupa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja na mama mjamzito hawabanwi tumbo. Wao wana njia yao, nayo yafaa kufundishwa na mtu aliyehitimu, kama wale wa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Aliyebanwa tumbo, hata akipata nafuu, apelekwe hospitali akaangaliwe.

Jamani, maji je? Wengi wetu tukiona mtu amesakamwa hukimbilia kikombe cha maji, au tonge la ugali "lisukume". Usifanye hivyo. Njia ya hewa ikiwa imezibwa, maji na ugali huongeza kizibo. Wala usiingize kidole kooni kwa kubahatisha, kwani unaweza kukisukuma kitu mbali zaidi.

Sasa rudini kwenye kilio cha "Amechoki!" Anayepiga mbio kwa mwalimu wa zamu akisema "Amepaliwa" amesema jambo moja. Anayesema "Amesakamwa, hawezi kupumua" amesema jambo jingine, na mwalimu atajua kama atembee au akimbie. Silabi chache tu, lakini ndani yake mna dakika za uhai.

4. FUNGU LA TATU: NAJISHIKA MWENYEWE (KUJITENDA)

Koo si njia ya kushukia tu. Ni njia ya kupandia pia. Maneno hupandia hapo, na kilio, na hasira. Mtu anapovizuia visitoke, Kiswahili humtafutia kiambishi kidogo sana chenye kazi kubwa: -ji-, kirejeshi cha mtendaji. Mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Nani anatawala koo? Mimi, dhidi yangu mwenyewe.

(a) Kujizuia. Ni neno mama la fungu hili. Nilitaka kucheka msibani, nikajizuia.

(b) Kujikaza. Ni kukusanya nguvu ili usionyeshe uchungu au udhaifu. Vijana wameliongezea chumvi, wanasema "Jikaze kisabuni!"

(c) Kumeza hasira, kumeza machungu, kumeza maneno. Hapa kitenzi cha fungu la kwanza kimehamia huku. Kile kilichokuwa kinapanda kimerudishwa chini kama tonge.

(d) Kufyata ulimi. Ni kunyamaza, hasa kwa hofu au busara. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," walisema waliotutangulia.

(e) Kumung'unya maneno. Ni kusema nusu na kuficha nusu. Ndiyo maana msema kweli husifiwa kwamba alisema bila kumung'unya maneno.

(f) Kuwa na kifua. Mwenye kifua ni mtu anayeweza kuweka siri. Asiye na kifua ukimwambia jambo saa nne, kufikia chamcha shule nzima inalo.

(g) Kupiga moyo konde na kuvuta subira. La kwanza ni kujipa ujasiri. La pili ni kungoja bila manung'uniko.

Mtauliza, mbona sikutaja kunyima, kuhini na kuhodhi? Hayo pia ni maneno ya kuzuia, lakini ni ya mkono, si ya koo. Huzuia mali isimfikie mwingine. Nimeyaacha yapate siku yake.

Na kinachozuiwa kikikaa sana huitwaje? Huitwa donge. Donge ni kitu kilichoshikamana kikawa kama tufe, kama donge la unga usiokorogeka. Mtu mwenye chuki au uchungu wa zamani husemwa ana donge, na donge hilo humkaba kooni. Jina lake jingine ni dukuduku, jambo linalomkera mtu moyoni hajalisema. Haya si maneno ya kubuniwa ovyo. Mtu anayezuia kilio husikia kweli kama kuna kitu kimekwama hapo penye koromeo, na akijaribu kusema, sauti haitoki.

5. KIPI KIMEZWE, KIPI KITEMWE?

Hapa ndipo somo langu linapotoka kwenye kamusi na kuingia nyumbani kwetu. Tumefundishwa kwamba kujizuia ni adabu, na ni kweli. Wahenga hawakukosea walipotuambia kwamba hasira ni hasara, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Ukitukanwa njiani ukameza jibu lako, umeshinda. Kesho asubuhi tusi lile halipo, na meno yako yote yapo.

Lakini kuna kumeza kwa namna nyingine, na mimi kunaniogofya. Mvulana amefiwa na baba, machozi yanaanza kumlengalenga, mtu mzima anamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Msichana anajikunja kwa maumivu ya tumbo, anaambiwa, "Jikaze, wenzako wote hupitia hayo." Mtoto anapigwa nyumbani kila usiku, anaambiwa, "Mambo ya nyumbani hayatoki nje, fyata ulimi." Wote watatu wanatii. Wote watatu wananyamaza. Na sisi tunaowatazama tunasema, "Ana subira huyo!"

Hebu tulitumie swali letu. Nani anatawala koo? Tazameni neno "jikaze". Lina -ji- ndani yake, kwa hivyo kwa sarufi tungesema mtenda na mtendwa ni mmoja. Lakini ni sentensi ya amri, na amri imetoka kwa mwingine. Mkono ulioko shingoni si wa mwenye shingo. Kwa sura ni neno la fungu la tatu, kumbe kwa maana limerudi fungu la pili, pamoja na kukabwa na kusongwa. Mtu amekabwa kisha akaambiwa amejikaba mwenyewe.

Ndiyo sababu napendekeza kanuni moja nyepesi. Kitu ambacho ukikimeza hupoa, kimeze: tusi, jibu la haraka, hasira ya mpira, kicheko darasani. Kitu ambacho ukikimeza hukua, kiteme: maumivu yasiyoisha, dhuluma, hofu ya mtu anayekudhuru, siri uliyolazimishwa kuiweka. Cha namna hii hakiendi tumboni kikasagwa. Kinakaa pale pale njiani kama mwiba wa samaki. Wahenga hawakuishia kwenye subira peke yake. Walisema pia, "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Na Kiswahili kimetupa maneno ya kutolea vilevile. Kuna kutema, ambako ni kutoa kilichomo kinywani. Kuna kucheua, kama ng'ombe anayekirudisha kinywani alichomeza ili akitafune upya. Si vibaya binadamu naye akicheua jambo la zamani mbele ya mtu wa kuaminika. Kuna kutoa dukuduku, kuna kupasua mbarika, kuna kusema bila kumung'unya maneno. Mtafute mwenye kifua: mwalimu, shangazi, mjomba, kasisi au imamu, nyanya, rafiki wa kweli. Ukikosa wa karibu, iko simu ya watoto ya bure, nambari 116, ambayo mtoto yeyote nchini Kenya anaweza kupiga na kusikilizwa.

Nasi tunaosikiliza tuna wajibu. Mwenzako akikujia na sauti inayokwama, usimwambie "jikaze kisabuni". Fanya kama kwa aliyepaliwa: mwache akohoe. Usimkatize. Na ukiona hawezi hata kukohoa, amenyamaza kabisa na rangi imembadilika, basi huyo amesakamwa; mwite mkubwa, usingoje kesho.

6. ZOEZI

Jaza nafasi kwa neno moja lililo sahihi kutoka mabanoni.

(i) Kaka alicheka huku akinywa uji, uji ________. (ukamkaba / ukampalia / ukaakia)
(ii) Mtoto alichukua njugu kiganjani na ________ zote mara moja. (akazibugia / akazigugumia / akazimumunya)
(iii) Mfupa wa kuku umemkwama. Hasemi wala hakohoi. Yaani ________. (amepaliwa / amesakamwa / amefakamia)
(iv) Mfanyabiashara alipigwa ________ gizani, akaporwa. (funda / konde / kabari)
(v) Shahidi alieleza yote bila ________ maneno. (kumung'unya / kunyonga / kubugia)
(vi) Msimwambie siri zenu, huyo hana ________. (koromeo / kifua / donge)
(vii) Baada ya mbio, mkimbiaji ________ maji chupa nzima. (alimumunya / alifyata / aligugumia)
(viii) Dada ________ na kazi za nyumbani hata akashindwa kudurusu. (alisongwa / alimezwa / alifundwa)

Majibu: (i) ukampalia (ii) akazibugia (iii) amesakamwa (iv) kabari (v) kumung'unya (vi) kifua (vii) aligugumia (viii) alisongwa.

Aliyepata nane ni bingwa. Aliyepata chini ya tano asome tena fungu la pili, kwa sababu hilo ndilo lenye kuokoa maisha.

7. TAMATI

Ndugu msomaji, nimekueleza mafungu matatu: kutenda, kutendwa na kujitenda. Ukiandika insha, jiulize nani anatawala koo la mhusika wako, na neno sahihi litakuja lenyewe. Ukiwa kwenye foleni ya chakula ukasikia mtu anakohoa, jiulize vivyo hivyo. Na siku utakapotaka kumwambia mwenzako ajikaze, tafadhali jiulize kwanza kabla hujafungua mdomo. Neno hilo wewe ndiwe unayepaswa kulimeza.

Kiswahili kitukuzwe! Nawatakia nyote mitihani mema na likizo njema.

Mwanachama, Kidato cha Tatu.